Hasheem Thabeet: Mlinzi aliyepimwa kwa kimo, na somo lililobakia kwa Nairobi

Abiria anayeshuka katikati ya jiji la Nairobi asubuhi hahitaji kuingia uwanjani ili atambue ni wanavikapu gani wanaotukuzwa na vijana. Sura zao zimechorwa ubavuni mwa matatu, na majina yao yamo migongoni mwa fulana zinazotundikwa vibandani. Takriban wote ni wafungaji. Stephen Curry anajulikana kwa mitupo yake ya mbali, LeBron James kwa namna anavyopasua ngome na marehemu Kobe Bryant kwa mitupo yake ya dakika za mwisho. Ni nadra mno kuona matatu iliyopambwa kwa picha ya mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuwanyima wengine alama.

Hata hivyo, mwanavikapu wa Afrika Mashariki aliyeteuliwa katika nafasi ya juu kuliko wenzake wote katika historia ya ligi ya NBA ya Marekani hakuwa mfungaji. Alikuwa mlinzi. Jina lake ni Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, na kisa chake kimesimuliwa mara nyingi kama kichekesho: kijana mwenye kimo cha mita 2.21 aliyechukuliwa wa pili mwaka 2009, mbele ya Curry na James Harden, kisha akatoweka.

Masimulizi hayo yana ukweli ndani yake, lakini ni ukweli nusu. Nusu iliyobakia inauhusu mji wa Nairobi moja kwa moja. Mwaka 2024, tawi la NBA barani Afrika lilifungua ofisi yake jijini humu. Mwaka 2025, Nairobi City Thunder ikawa klabu ya kwanza ya Kenya kushiriki Ligi ya Vikapu ya Afrika, BAL. Milango iliyokuwa imefungwa sasa imeanza kufunguka, na wanaowasaka vijana warefu wataongezeka. Swali ambalo wazazi, wakufunzi na wasimamizi wa mchezo huu wanapaswa kujiuliza ni hili: kijana huyo mrefu anapochukuliwa, huchukuliwa kwa sababu ya anachokijua au kwa sababu ya urefu wake tu?

Kutoka Dar es Salaam hadi Connecticut

Thabeet alizaliwa Februari 16, 1987. Kama vijana wengi wa ukanda huu, hakukulia katika mchezo wa vikapu. Aliushika mpira huo kwa mara ya kwanza akiwa na umri wa miaka 15 hivi, wakati ambapo wenzake wa Marekani huwa tayari wamecheza kwa miaka minane au tisa chini ya wakufunzi. Alivuka bahari akamalizia masomo ya sekondari mjini Houston, na mwaka 2006 akajiunga na Chuo Kikuu cha Connecticut kilichokuwa chini ya mkufunzi Jim Calhoun.

Huko ndiko alikotia fora. Katika msimu wa 2007-08 alizima wastani wa mitupo 4.5 ya wapinzani kwa kila mchuano. Msimu uliofuata alizima 4.2, huku akifunga wastani wa alama 13.6 na kunyaka mipira 10.8 iliyodunda. Mara mbili mfululizo, mwaka 2008 na 2009, alitangazwa mlinzi bora wa kongamano la Big East, ambalo enzi hizo lilihesabiwa miongoni mwa yale magumu zaidi katika michezo ya vyuo vya Marekani. Mwaka 2009 chuo chake kilifika nusu fainali ya taifa kabla ya kushindwa na Michigan State kwa alama 82-73.

Takwimu za mitupo iliyozimwa hazikueleza kila kitu. Athari kubwa zaidi ya Thabeet ilikuwa katika mitupo ambayo haikurushwa kabisa. Mshambuliaji aliyekuwa akielekea kikapuni alimwona pandikizi la mtu limesimama pale, akaghairi, akaurudisha mpira nje. Hakuna karatasi ya matokeo inayoandika jambo hilo.

Hata hivyo, dalili ya shida ilikuwa imekwisha kujitokeza. Februari 2009, mjini Hartford, Connecticut ilikutana na Pittsburgh. DeJuan Blair, aliyekuwa mfupi kuliko Thabeet kwa takriban sentimita 20, alimbeba begani wakigombania mpira na kumbwaga sakafuni. Blair alimaliza mchuano huo akiwa na alama 22 na mipira 23 iliyodunda, na timu yake ikashinda. Wawili hao baadaye waligawana tuzo ya mchezaji bora wa kongamano lao. Lakini uteuzi wa wachezaji chipukizi wa NBA ulipowadia, Thabeet alichukuliwa wa pili, naye Blair, ambaye timu nyingi ziliingiwa na shaka kuhusu magoti yake, akasubiri hadi nafasi ya 37. Blair alicheza mechi zote 82 za msimu wake wa kwanza akiwa na San Antonio.

Usiku wa Juni 25

Uteuzi huo ulifanyika Juni 25, 2009. Blake Griffin alitangulia, Memphis Grizzlies wakamchukua Thabeet, kisha wakafuata Harden katika nafasi ya tatu, Tyreke Evans katika nafasi ya nne na Curry katika nafasi ya saba. Kwa Tanzania, ilikuwa siku ya fahari isiyo kifani: hakuwahi kutokea Mtanzania aliyecheza katika ligi hiyo.

Majira nayo yalichangia kuyakuza matumaini. Miezi miwili tu kabla ya hapo, Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa, alikuwa ameumia goti akiichezea Houston katika michuano ya mchujo, akatangaza kustaafu. Mutombo alikuwa ametuzwa mlinzi bora wa mwaka mara nne, na alikuwa amezima mitupo 3,289, idadi inayopitwa na ile ya Hakeem Olajuwon wa Nigeria pekee. Mwafrika mrefu, mlinzi, mcheshi, msomi wa chuo kikuu: ilikuwa rahisi kwa wengi kuamini kwamba kiti chake kimepata mrithi.

Waliosahaulika katika mlinganisho huo ni miaka. Mutombo aliingia NBA mwaka 1991 akiwa na umri wa miaka 25, baada ya kunolewa katika Chuo Kikuu cha Georgetown na mkufunzi John Thompson, ambaye mwenyewe alikuwa amecheza chini ya kikapu. Thabeet aliingia akiwa na umri wa miaka 22, na alikuwa na takriban miaka saba tu tangu aushike mpira huo kwa mara ya kwanza.

Matokeo yalionekana mapema. Katika msimu wake wa kwanza alicheza mechi 68 akapata wastani wa alama 3.1 na mipira 3.6 iliyodunda. Februari 2010, Memphis ilimpeleka kwa muda katika ligi ndogo ya kukuza wachezaji, kwenye timu ya Dakota Wizards. Hadi wakati huo, hakuna mchezaji aliyeteuliwa katika nafasi ya juu kama yake aliyekuwa amewahi kuteremshwa huko. Magazeti ya Marekani yalianza kulitumia jina lake kama kipimo cha uteuzi mbovu.

Kanuni ya sekunde tatu

Wengi waliomkejeli walisema hakuwa na bidii. Maelezo hayo ni mepesi mno. Sababu yenye uzito zaidi ni kwamba kazi aliyoijua chuoni haikuwa ile aliyokabidhiwa NBA, ijapokuwa zote mbili huitwa ulinzi.

Tangu msimu wa 2001-02, NBA imekuwa na kanuni inayomkataza mlinzi kukaa kwa zaidi ya sekunde tatu katika eneo la chini ya kikapu ikiwa hamkabili mpinzani kwa karibu. Akikiuka, wapinzani hupewa mtupo mmoja wa adhabu na kubakia na mpira. Vyuo vya Marekani havina kanuni hiyo. Kwa hiyo, Thabeet wa Connecticut aliweza kusimama chini ya kikapu kama mlinda lango, akiwasubiri wanaokuja. Thabeet wa Memphis alilazimika kutoka, kurudi, kutoka tena, na kila mara kuamua ni lini aingie na ni lini atoke.

Juu ya kanuni hiyo kulikuwa na mbinu moja ambayo takriban kila timu huitumia. Mchezaji mwenye mpira huletewa mwenzake anayesimama kama ukuta mbele ya mlinzi wake. Hapo mlinzi mrefu aliye nyuma huwa na nusu sekunde ya kukata shauri. Akitoka kumkabili mwenye mpira, anaweza kupitwa kwa kasi. Akibaki nyuma, anatupiwa mtupo wa mbali. Asipomwelekeza mwenzake kwa sauti, wote wawili humfuata mtu mmoja na kumwacha wa pili peke yake. Mbinu hiyo haimuulizi mlinzi ana kimo gani. Inapima miguu yake, macho yake na ulimi wake.

Mchezo wenyewe nao ulikuwa ukihama. Katika msimu wa 2009-10, kila timu ya NBA ilirusha wastani wa mitupo 18 hivi ya alama tatu kwa mchuano. Kufikia msimu wa 2023-24, wastani huo ulikuwa umefika takriban 35. Curry, aliyechukuliwa nafasi tano baada ya Thabeet, ndiye aliyekuwa kinara wa mageuzi hayo. Uwanja ulipanuka, na yule aliyekuwa amefunzwa kuulinda mlango wa nyumba akatakiwa aulinde ua mzima.

Akabadilishwa kwa walinzi

Kuna jambo katika maisha ya Thabeet ambalo halijatiliwa maanani inavyostahili. Februari 24, 2011, Memphis ilimwacha aende Houston pamoja na mchezaji mwingine na haki ya uteuzi wa baadaye. Aliyekuja Memphis kwa mabadilishano hayo alikuwa Shane Battier.

Battier alikuwa na kimo cha mita mbili na kidogo, hakuruka sana, na wala hakufunga sana. Miaka miwili kabla ya hapo, mwandishi Michael Lewis alikuwa ameandika makala mashuhuri katika jarida la New York Times akieleza fumbo la mchezaji huyu: takwimu zake zilikuwa za kawaida kabisa, lakini timu yake ilicheza vizuri zaidi kila alipokuwa uwanjani. Siri ilikuwa katika maandalizi. Kabla ya kukutana na mfungaji kama Kobe Bryant, Battier alisoma takwimu za kuonyesha ni pembe gani ya uwanja Bryant alikosa zaidi, kisha usiku kucha alimsukumia huko. Hakumzima. Alimfanya achague vibaya.

Wiki chache baada ya kumpata Battier, Memphis iliyoingia katika mchujo ikiwa ya nane iliibandua San Antonio iliyokuwa kileleni mwa kongamano lao. Mchuano wa kwanza ulimalizika 101-98, na mtupo wa alama tatu uliowapa Memphis uongozi katika sekunde za mwisho ulitoka mikononi mwa Battier huyo huyo. Baadaye alienda Miami akatwaa ubingwa mwaka 2012 na 2013.

Machi 2012, Houston nayo ilimpeleka Thabeet Portland. Aliyetolewa kwa upande wa pili alikuwa Marcus Camby, mlinzi bora wa NBA wa mwaka 2007, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 37. Kwa mara ya pili katika kipindi cha miezi 13, timu ilikuwa imemtoa kijana aliyesifiwa kwa ulinzi ili impate mlinzi mkongwe.

Mfano wa tatu ulikuwa pale pale Memphis. Nafasi ambayo Thabeet alishindwa kuipata katika kikosi cha kwanza ilikuwa ya Marc Gasol wa Uhispania, mtu mzito, asiye na mbio na asiyeruka juu. Mwaka 2013 Gasol alitawazwa mlinzi bora wa NBA. Alizisoma hatua mbili za mbele, akawapanga wenzake kwa sauti, akasimama mahali panapofaa kabla ya mpira kufika. Kwa maneno mengine, Memphis haikukosea ilipotafuta mlinzi mwaka 2009. Ilikosea ilipodhani kwamba ulinzi ni kimo.

Mtoto wa Lubumbashi

Pengine msomaji atasema kwamba Waafrika wa ukanda huu huanza kuchelewa, na kwamba hatima ya Thabeet haikuepukika. Maisha ya Bismack Biyombo yanakanusha dai hilo.

Biyombo alizaliwa Lubumbashi Agosti 28, 1992, katika mji ambao Kiswahili ni lugha ya soko na ya nyumbani. Ni mfupi kwa nafasi anayocheza: mita 2.06 hivi, sentimita 15 chini ya Thabeet. Mikono yake mirefu huufidia upungufu huo. Aliondoka Congo angali kijana, akafika Uhispania, na huko klabu ya Fuenlabrada ikamtia katika michuano ya watu wazima wanaolipwa. Aprili 2011, katika mchuano wa vijana wa dunia mjini Portland, alipata alama 12, mipira 11 iliyodunda, na akazima mitupo 10. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo katika historia ya mchuano huo. Miezi miwili baadaye aliteuliwa wa saba na kuishia Charlotte.

Hapo ndipo njia za wawili hao zinapoachana. Charlotte ya msimu wa 2011-12 ilikuwa timu dhaifu mno: ilishinda mechi 7 na kupoteza 59, asilimia mbovu kuliko zote katika historia ya NBA. Kwa shabiki, hiyo ilikuwa aibu. Kwa kijana wa miaka 19, lilikuwa darasa. Alipewa dakika, akakosea, akasahihishwa, akarudishwa uwanjani. Memphis ya Thabeet ilikuwa timu iliyokwishaanza kunusia ushindi, na timu ya namna hiyo haina subira na mwanafunzi. Kosa lililomfunza Biyombo lilimpeleka Thabeet benchi.

Matunda ya subira yalionekana Toronto. Mei 21, 2016, timu hiyo ikiwa imepoteza mechi mbili za kwanza za fainali ya kongamano dhidi ya Cleveland, Biyombo alinyaka mipira 26 iliyodunda na Toronto ikashinda 99-84. Katika msimu mzima wa kawaida wa mwaka huo alikuwa na wastani wa alama 5.5 tu. Julai mwaka huo huo, Orlando ilimpa mkataba wa dola milioni 72 kwa miaka minne. Mkataba huo haukuzaa matunda yaliyotarajiwa, na baada ya miaka miwili alirudishwa Charlotte. Lakini hakutoweka. Alipita Phoenix, Memphis na Oklahoma City, na Februari 2025 San Antonio ilimsajili. Huo ulikuwa msimu wake wa 14.

Kati ya vituo hivyo, miwili ni ile ile aliyopitia Thabeet: Memphis na Oklahoma City. Na mwaka 2022, baada ya kufiwa na babake, Biyombo alitoa mshahara wake wa msimu huo, zaidi ya dola milioni moja, ujengwe hospitali nchini mwake kwa kumbukumbu ya mzazi huyo. Mutombo alikuwa amefanya jambo kama hilo Kinshasa kwa kumbukumbu ya mamake.

Je, alishindwa?

Katika mizani ya Marekani, jibu limekwisha kutolewa. Thabeet alicheza mechi 224 za NBA kwa timu nne, akapata wastani wa alama 2.2 na mipira 2.7 iliyodunda. Msimu wake wenye utulivu zaidi ulikuwa wa 2012-13 katika klabu ya Oklahoma City, alipocheza mechi 66 kama mlinzi wa akiba katika kikosi cha Kevin Durant. Kufikia mwaka 2014 alikuwa nje ya ligi hiyo.

Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mwaka 2017 alianza kucheza Japan, katika timu ya Yokohama. Mwaka 2020 alirejea kwa muda katika ligi ndogo ya Marekani, kisha akaelekea Taiwan, katika timu ya Hsinchu, akiwa na umri wa miaka 33. Huko Asia, michuano huchezwa kwa kanuni za shirikisho la kimataifa, FIBA, ambazo hazimfukuzi mlinzi chini ya kikapu baada ya sekunde tatu. Mtu yule yule, kwa mwili ule ule, alikuwa amepata tena mazingira yanayoufaa ujuzi wake.

Ni vyema pia kukumbuka kwamba hakujiteua. Waliompima, waliomlipa na waliomweka mbele ya Harden na Curry walikuwa wataalamu wenye uzoefu wa miaka mingi. Lawama za uamuzi wao zikamwangukia kijana ambaye kosa lake kubwa lilikuwa kukubali nafasi ambayo hakuna kijana yeyote angeikataa.

Somo kwa Nairobi

Tofauti hii ya kanuni ina uzito wa pekee kwa mji huu. Michuano ya ligi inayochezwa katika ukumbi wa Nyayo, na ile ya BAL, hufuata kanuni za FIBA. Mkufunzi wa shule au klabu ya Nairobi aliye na kijana wa mita mbili na zaidi anaweza kumsimamisha chini ya kikapu na kushinda mechi msimu mzima. Kombe litapatikana. Lakini kijana huyo atakuwa anafunzwa ulinzi utakaokataliwa siku atakapovuka bahari. Mkufunzi anayemjali atamtoa nje mara kwa mara, amfunze kuteleza kwa miguu, kukabiliana na wafupi wenye kasi na kuwapangia wenzake kwa sauti, hata kama hilo litagharimu mechi mbili tatu.

Jambo la pili ni hesabu. Katika mchezo wa vikapu humu nchini, kinachotangazwa baada ya mechi ni nani alifunga alama ngapi. Mfano mzuri ni ushindi uliopendwa kuliko wote. Februari 2021, mjini Yaoundé, Kenya iliishinda Angola 74-73 kwa mtupo wa Tylor Ongwae wakati wa kengele ya mwisho, na hivyo kujikatia tiketi ya kushiriki mashindano ya Afrika kwa mara ya kwanza baada ya miaka 28, tangu Nairobi ilipoandaa yale ya 1993. Mtupo huo ulistahili kila sifa uliyopata. Lakini Angola, waliokuwa mabingwa wa Afrika mara 11, hawakujizuia wenyewe wasipite alama 73. Walizuiwa na watu watano kwa dakika 40, na ni wachache leo wanaoweza kutaja ni nani kati yao aliyefanya kazi hiyo.

Kijana hujifunza kile kinachosifiwa. Iwapo mwandishi, mtangazaji na mwalimu wa michezo watahesabu alama tu, kila mvulana na kila msichana katika viwanja vya saruji kuanzia Kawangware hadi Eastlands atataka kurusha mitupo ya mbali, na ulinzi utaachiwa yule mrefu asiyejua kufunga. Kuandika ni mara ngapi mchezaji alimlazimisha mpinzani akose, au alisaidia mwenzake aliyepitwa, hakuhitaji mashine za bei ghali. Kunahitaji karatasi, kalamu na mtu anayejua cha kutazama.

Jambo la tatu, na lililo gumu zaidi, ni muda. Juni 25, 2025, miaka 16 kamili baada ya usiku wa Thabeet, Khaman Maluach wa Sudan Kusini aliteuliwa wa kumi katika NBA, na haki yake ikaenda Phoenix. Naye ni mrefu kupita kiasi, mita 2.18 hivi, naye sifa yake kubwa ni ulinzi, naye alianza mchezo huu akiwa kijana, alikolelewa nchini Uganda. Lakini kabla ya siku hiyo alikuwa amepitia akademia ya NBA nchini Senegal, amecheza katika BAL dhidi ya watu wazima, ameiwakilisha nchi yake katika Olimpiki ya Paris ya 2024 akiwa na umri wa miaka 17, na amekaa mwaka mmoja katika Chuo Kikuu cha Duke. Ni mapema mno kusema atafika wapi. Kinachoweza kusemwa ni kwamba ngazi alizopanda Thabeet hazikuwa na vidato hivyo katikati.

Ofisi iliyofunguliwa Nairobi na klabu iliyofika BAL ni sehemu ya vidato hivyo. Vitafaa ikiwa tu kijana atapewa nafasi ya kuvipanda kimoja kimoja. Mzazi anayeletewa ahadi ya shule ya ng'ambo kwa ajili ya mwanawe mrefu ana haki ya kuuliza maswali matatu kabla ya kutia sahihi: nani atamfunza, kwa miaka mingapi, na masomo yake yatakuwaje iwapo mpira utakwama? Anayetoa ahadi hiyo asipokuwa na majibu, basi amekuja kununua kimo tu.

Thabeet alilipa gharama ya maswali ambayo hayakuulizwa mwaka 2009. Wanaomfuata, wa Dar es Salaam, wa Kampala, wa Lubumbashi na wa Nairobi, hawana sababu ya kuilipa mara ya pili.